Cheti kilichogandisha seva kabla ya kukaguliwa: uchambuzi wa CVE-2022-0778

Tarehe 15 Machi 2022 mradi wa OpenSSL, maktaba ya usimbaji inayolinda mawasiliano ya seva nyingi mtandaoni, ulitoa matoleo 1.1.1n na 3.0.2 kwa siku moja, pamoja na tangazo la udhaifu uliosajiliwa kwa namba CVE-2022-0778 na kupewa daraja la juu la hatari. Aliyeugundua ni Tavis Ormandy wa Google, na alikuwa ameuripoti tangu tarehe 24 Februari. Marekebisho yaliandikwa na David Benjamin, naye wa Google, akishirikiana na Tomáš Mráz wa OpenSSL. Kiini chake ni hiki: mtu yeyote angeweza kutengeneza cheti cha kidijitali (faili linaloitambulisha tovuti au mtu kwa ufunguo wake wa umma) ambacho programu ikianza tu kukisoma, inaingia kwenye kitanzi na haitoki tena. Haianguki wala haitoi ujumbe wa kosa, inazunguka tu mpaka uiue.

Hakuna ufunguo wa siri ulioibwa hapa, wala siri iliyovuja kutoka kwenye kumbukumbu ya seva kama ilivyokuwa kwa Heartbleed, udhaifu mwingine wa OpenSSL, mwaka 2014. Nadhani ndiyo sababu watu walisakinisha kiraka, wakasonga mbele, na kisa kikasahaulika. Lakini kwa mwandishi wa programu kina mafunzo mengi kuliko Heartbleed, kwa sababu kosa lilikaa mahali ambapo wengi wetu hatupahesabu kuwa pa hatari: ule mstari mmoja wa kupakia cheti, kabla hata neno "thibitisha" halijatajwa.

Tuanze na mstari huo. Kwenye C unaita `PEM_read_bio_X509`, kwenye PHP `openssl_x509_parse`, na kwenye mstari wa amri `openssl x509 -in cheti.pem -text -noout`. Vyovyote vile, kazi inayofanyika ni ileile. Maandishi yaliyo kati ya BEGIN CERTIFICATE na END CERTIFICATE yanatolewa kwenye base64 na kuwa baiti za DER, muundo wa kuandika data unaotumika kwenye vyeti. Karibu kila cheti utakachofungua kinaanza na herufi MII, kwa sababu baiti mbili za kwanza ni 30 na 82: ya kwanza inasema "huu ni mfuatano", ya pili inasema "urefu wake umeandikwa kwenye baiti mbili zinazofuata". Ndani ya mfuatano huo kuna vitu vitatu: mwili wa cheti, jina la njia iliyotumika kutia sahihi, na sahihi yenyewe. Ufunguo wa umma wa mwenye cheti umo ndani ya mwili.

Sasa tazama mpangilio wa kazi. Ili uikague sahihi, lazima kwanza ujue mwili unaishia wapi, sahihi inaanzia wapi, na njia gani ilitumika. Maana yake ni lazima usome kabla ya kuamini. Hilo halikwepeki. Kinachokwepeka ni kufanya hesabu nzito juu ya data ambayo bado hujui imetoka kwa nani, na OpenSSL 1.1.1 na 3.0 zilikuwa zikifanya hivyo hasa: wakati wa kuchanganua cheti, ziliufumbua na ufunguo wa umma palepale. Ni kama askari wa getini anayekubali umpe fumbo alifumbue kwanza, ndipo akuulize kitambulisho.

Hesabu yenyewe inatokana na mikunjo ya eliptiki. Ufunguo wa umma wa aina hii ni nukta kwenye mkunjo, yaani jozi ya x na y. Nukta inaweza kuandikwa kwa njia mbili. Baiti ya kwanza ikiwa 04, x na y zote zimeandikwa kwa ukamilifu. Ikiwa 02 au 03, imeandikwa x peke yake, na msomaji anatakiwa kuitafuta y mwenyewe: anaingiza x kwenye mlinganyo wa mkunjo, anapata y ya mraba, kisha anatafuta kipeuo cha pili kwa moduli ya p, namba ya mkunjo huo (yaani kila jibu ni baki baada ya kugawanya kwa p). Lengo ni kuokoa nafasi, na kwa mikunjo inayojulikana hakuna ubaya wowote, kwa sababu p yao ni namba tasa ambayo kila mtu anaijua.

Shida ni kwamba muundo wa data unaruhusu pia kitu kinachoitwa vigezo vya wazi. Kwa kawaida cheti hutaja mkunjo kwa jina tu, kwa mfano prime256v1, ambao una namba yake ya utambulisho 1.2.840.10045.3.1.7. Lakini mwandishi wa cheti anaweza kuacha jina akaandika mkunjo mzima kwa mkono wake: p, a, b, nukta ya msingi, na idadi ya nukta. Yaani mgeni anakuletea kufuli alilolitengeneza mwenyewe. Na kwa kuwa nukta ya msingi nayo inaweza kuandikwa kwa ufupi, maktaba inalazimika kutafuta kipeuo cha pili kwa moduli ya p aliyoichagua mgeni huyo.

Je, p hiyo ilikaguliwa kuwa ni tasa? Ndani ya msimbo wa OpenSSL unaoweka mkunjo kulikuwa na maoni yanayosema p lazima iwe namba tasa kubwa kuliko 3. Chini ya maoni hayo, ukaguzi uliokuwepo ni mambo mawili tu: namba iwe na zaidi ya biti mbili, na iwe witiri. Kwenye faili la `bn_sqrt.c`, ambalo hakimiliki yake inaanzia mwaka 2000, maoni yalitilia mkazo hata kwa alama ya mshangao: 'p' lazima iwe tasa! Kila upande ulidhani mwenzake ndiye anayekagua. Kusema haki, kupima utasa wa namba kubwa kuna gharama, na hakuna anayetaka kuilipa kwa kila cheti kinachopita. Ila maoni ndani ya msimbo hayamzuii mshambuliaji. Mshambuliaji huyasoma kama orodha ya mambo ya kujaribu.

Tuingie kwenye kitanzi chenyewe. Kazi inaitwa `BN_mod_sqrt`, na inatumia njia ya Tonelli na Shanks. Nikiirahisisha, sehemu yenye kosa ilikuwa hivi:

    i = 1
    t = b*b kwa moduli p
    wakati t si 1:
        i = i + 1
        kama i == e: toa kosa, toka
        t = t*t kwa moduli p
    ... (rekebisha x, y na b)
    e = i, kisha rudia kuanzia juu

Kigezo e kinahesabu ni mara ngapi unaweza kupandisha mraba kabla ya kufika kwenye 1. Kila mzunguko wa nje unakipunguza, na b ikifikia 1 kazi inakuwa imeisha. Kwa p iliyo tasa, hesabu inahakikisha kwamba e ikishuka hadi 1, b nayo ni 1 tayari, kwa hiyo kitanzi cha ndani hakiguswi. Ulinzi wa `i == e` uliandikwa kwa imani hiyo. Lakini p isipokuwa tasa, unaweza kufika mahali e ni 1 na b bado si 1. Hapo i inaanza na 1, inaongezwa kuwa 2 kabla ya kulinganishwa, na kuanzia hapo haiwezi tena kuwa sawa na e. Inaendelea 3, 4, 5, huku e imebaki ileile nyuma yake.

Maneno hayatoshi, kwa hiyo tupige hesabu kwa namba ndogo unazoweza kuzifuata kwa kalamu. Chukua p = 697. Ni witiri, na kwa haraka inaonekana kama namba tasa, lakini ni 17 mara 41. Omba kipeuo cha pili cha 696. Kwa kuwa 696 ni 8 mara 87, e inaanza na 3. Kazi inatafuta namba ya kusaidia kuanzia 2 kwenda juu, inakataa 2, 3 na 4, na inaikubali 5. Mzunguko wa kwanza unakwenda vizuri: b ni 696, mraba wake ni 1, kwa hiyo i ni 1. Marekebisho yanafanyika, b inakuwa 64, na e inawekwa kuwa 1. Mtego umeshafyatuka.

Mzunguko wa pili: mraba wa 64 kwa moduli ya 697 ni 611. Si 1. Mraba wa 611 ni 426. Mraba wa 426 ni 256. Mraba wa 256 ni 18. Mraba wa 18 ni 324. Na mraba wa 324 ni 426, ambayo tumeshaipita. Kuanzia hapo ni 426, 256, 18, 324, 426, 256, 18, 324, mpaka umeme ukatike. Kinachochekesha ni kwamba jibu lipo: 378 ukiipiga mraba kwa moduli ya 697 unapata 696 kamili.

Marekebisho ya Benjamin na Mráz yaligeuza kitanzi cha `while` kuwa cha `for` chenye mpaka: i inaanza na 1 na haiwezi kufikia e. Ikiwa 1 haikupatikana ndani ya mpaka huo, kazi inasema namba haina kipeuo na inatoka. Kwa mfano wetu itasema uongo, maana 378 ipo, lakini uongo huo haumdhuru mtu, kwa sababu mkunjo wenye p isiyo tasa haukustahili jibu. Maoni ya juu nayo yaliandikwa upya kueleza kwamba p isipokuwa tasa utapata kosa au jibu lisilo sahihi. Ni mistari michache tu. Mimi naisifu kwa jambo moja: hawakuongeza ukaguzi wa utasa pale juu na kuuacha mtego chini. Walihakikisha kitanzi kinaisha hata kama dhana nzima ya hesabu imevunjwa.

Nani alikuwa hatarini? Mteja anayeunganisha na seva mbaya, kwa kuwa anasoma cheti cha seva. Seva inayodai cheti cha mteja, kwa kuwa inasoma cha mteja. Mamlaka ya vyeti inayopokea maombi kutoka kwa umma. Na kundi ambalo huwa linasahaulika: watoa huduma wa kuhifadhi tovuti. Ile fomu kwenye paneli inayokuambia "bandika cheti chako hapa", kisha inakuonyesha jina la tovuti na tarehe ya mwisho, inapakia cheti cha mtu yeyote mwenye akaunti. Mtu akibandika cheti chenye mtego mara kadhaa, kila ombi linashika kiini kimoja cha prosesa na halikiachii. Msimamizi anaona CPU imejaa, kumbukumbu haijapanda, logi ziko kimya. Dalili hazifanani na shambulio hata kidogo. Seva ya wavuti ya kawaida, ambayo haiwaombi wageni cheti chochote, haikuwa kwenye hatari hiyo ya moja kwa moja.

Toleo la zamani la 1.0.2 lilikuwa na bahati ya aina yake. Halikuufumbua ufunguo wa umma wakati wa kuchanganua cheti, bali lilisubiri mpaka uhitajike. Hilo liliongeza ugumu kidogo, lakini cheti kilichojitia sahihi chenyewe kililimaliza: ili kukagua sahihi yake unahitaji ufunguo wake mwenyewe, na hapo hesabu inaanza. Maktaba ya `cryptography` ya Python nayo ina sura ya kufanana. Tangu toleo la 35.0.0 la mwaka 2021, uchanganuzi wa muundo wa cheti ulihamishiwa kwenye lugha ya Rust, lakini ufunguo ulibaki kupelekwa OpenSSL pale unapouita. Niseme na hili, kwa kuwa mjadala wa lugha salama (zinazozuia makosa ya kumbukumbu) huja haraka kwenye visa hivi: Rust isingezuia kosa hili. Hakuna baiti iliyosomwa nje ya mpaka wake. Kitanzi kisicho na mwisho kinaandikika kwa lugha yoyote.

Kinachoniudhi zaidi si kitanzi, ni vigezo vya wazi. RFC 5480, hati ya viwango vya intaneti ya mwaka 2009, ilivipiga marufuku waziwazi kwenye vyeti vya aina hii: mkunjo utajwe kwa jina, basi. Miaka 13 baadaye maktaba ilikuwa bado inavisoma kwa adabu. Na haikuwa mara ya kwanza kwa mlango huo kuleta balaa. Tarehe 14 Januari 2020 Microsoft ilirekebisha CVE-2020-0601, udhaifu wa Windows ulioripotiwa na NSA, shirika la ujasusi la Marekani, na uliokuja kuitwa CurveBall. Huko mshambuliaji alichukua ufunguo wa umma wa mamlaka halisi ya vyeti, akaandika vigezo vya wazi vyenye nukta ya msingi aliyoichagua mwenyewe, na ghafla akawa na ufunguo wa siri unaolingana. Windows ililinganisha ufunguo wa umma bila kulinganisha vigezo vyote vya mkunjo, ikamwamini.

OpenSSL walijaribu kuufunga mlango huo. Toleo la 1.1.1h liliongeza ukaguzi mkali wa kukataa vyeti vyenye vigezo vya wazi kwenye mnyororo wa vyeti, kwa anayeuwasha. Ukaguzi huo ulikuwa na kosa: matokeo yake yalifuta matokeo ya ukaguzi uliotangulia, ule wa kuhakikisha kwamba anayetia sahihi vyeti vya wengine ana mamlaka hayo. Ikazaliwa CVE-2021-3450, ikarekebishwa kwenye 1.1.1k mwezi Machi 2021. Hata bila kosa hilo, ukaguzi huu usingeokoa kitu mwaka uliofuata, kwa sababu unafanyika wakati wa kuthibitisha mnyororo, na kitanzi chetu kilikuwa kinashika wakati wa kusoma.

Linganisha na lugha ya Go. Kifurushi chake cha `crypto/x509` kinajua mikunjo michache kwa majina, na ukileta vigezo vya wazi kinakataa palepale. Kuna watu wanaoona huo ni upungufu. Mimi naona ndiyo sababu hasa ya kutopata usumbufu Machi 2022.

Kwa anayelazimika kupokea vyeti kutoka kwa watu asiowajua, upo uchunguzi rahisi wa kufanya kabla ya kupakia. Amri ya `openssl asn1parse -in cheti.pem` inatembea juu ya muundo wa DER bila kuufumbua ufunguo, kwa hiyo haifiki kwenye hesabu ya kipeuo. Kwenye cheti cha kawaida cha mkunjo utaona mstari wa `id-ecPublicKey` ukifuatiwa na mstari mwingine kama `prime256v1`. Kwenye cheti chenye vigezo vya wazi, baada ya `id-ecPublicKey` unakutana na mfuatano mpya, namba 1, kisha `prime-field` na namba ndefu ya p. Ukiiona `prime-field`, kikatae. Unaweza kuandika ukaguzi huo kwa mistari michache kwenye lugha yoyote yenye kisomaji cha DER, ukauweka mbele ya ile fomu ya paneli. Na uchanganuzi wenyewe uendeshe kwenye prosesi yake yenye kikomo cha muda. Sekunde mbili ni nyingi mno kwa cheti halali.

Kuhusu kusakinisha kiraka, watu walijikwaa kwenye mambo ya kawaida kabisa. Amri ya `openssl version` inakuambia toleo la maktaba ya mfumo, na hata hilo linaweza kukupotosha: Ubuntu 20.04 inaendelea kusema 1.1.1f huku kiraka kikiwa kimerudishwa ndani yake, hivyo angalia namba ya kifurushi. Node.js inabeba nakala yake mwenyewe ya OpenSSL, na unaiona kwa `node -p process.versions.openssl`. Vifurushi vya `cryptography` vinavyopakuliwa kwa pip navyo vinabeba nakala yao, kwa hiyo `apt upgrade` haivigusi. Kontena zilizojengwa mwaka jana zimebeba maktaba ya mwaka jana mpaka uzijenge upya. Na prosesi iliyokuwa ikiendeshwa wakati unasakinisha inaendelea kushikilia maktaba ya zamani kwenye kumbukumbu hadi uiwashe upya. Nimeona seva ambayo kwa mujibu wa ripoti ilikuwa imetibiwa, kumbe nginx yake ilikuwa haijawahi kuzimwa tangu kabla ya kiraka.

Ukitaka kupima yote haya mwenyewe, vyeti vya majaribio vyenye mtego huu vilichapishwa hadharani muda mfupi baada ya tangazo. Kiendeshe kimoja kwenye kontena ya majaribio yenye toleo la 1.1.1m, na uweke `timeout 5` mbele ya amri ya `openssl x509`. Kwenye 1.1.1m, sekunde tano zitaisha bila herufi hata moja kutoka. Kwenye 1.1.1n utarudishiwa jibu papo hapo.